Ratiba ya Mitihani kwa Penseli za Rangi

Mimi ni mwalimu wa taaluma, na ratiba ya mitihani ya kidato cha sita huipanga kwa penseli za rangi. Kila somo nalichorea nukta. Masomo mawili yakiwa na hata mwanafunzi mmoja anayeyasoma yote, naunganisha nukta zake kwa mstari. Kisha napaka rangi, na nukta zilizounganishwa haziruhusiwi kufanana. Kila rangi ni kikao kimoja cha mtihani, kwa hiyo natafuta rangi chache iwezekanavyo.

Chukua shule yenye tahasusi (michepuo ya masomo matatu, kama PCM: Fizikia, Kemia na Hisabati) za PCM, PCB, CBG, EGM, HGE na HGK. Ukiacha masomo ya lazima, yapo manane, lakini rangi tatu zinatosha: Fizikia na Jiografia; Kemia, Uchumi na Kiswahili; Hisabati, Baiolojia na Historia. Hakuna mtahiniwa atakayehitajika katika vyumba viwili kwa wakati mmoja. Sasa ongeza PGM. Hakuna somo jipya, umeongezeka mstari mmoja tu, kati ya Fizikia na Jiografia. Lakini Jiografia sasa imeunganishwa na masomo yote saba mengine, na lazima ifanywe peke yake. Na kwa kuwa masomo matatu ya PCM bado yanahitaji vikao vitatu tofauti, kikao cha nne hakikwepeki.

Hesabu hizi zilianzia kwenye ramani. Mwaka 1852 Francis Guthrie, akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza, aliona rangi nne zinatosha kutofautisha majirani, akauliza kama ndivyo ilivyo kwa kila ramani. Tatu hazitoshi: Malawi inapakana na Tanzania, Zambia na Msumbiji, nazo hizo tatu zinapakana zenyewe kwa zenyewe. Kwamba nne zinatosha daima kulithibitishwa mwaka 1976, pale Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipoishirikisha kompyuta.

Sisi wa ratiba hatuna kikomo hicho, kwa sababu mistari ya masomo hukatizana ovyo. Mwaka 1972 Richard Karp alionyesha kuwa kutafuta idadi ndogo kabisa ya rangi ni miongoni mwa maswali ambayo mpaka leo hayajapatiwa njia ya haraka inayofaa kila mahali. Mimi huanza na nukta yenye mistari mingi zaidi, kama Welsh na Powell walivyoeleza mwaka 1967 katika makala iliyogusa ratiba hasa. Njia hiyo haihakikishi jibu bora, ila mara nyingi hulikaribia.

Wakuu wa shule, kabla ya kutangaza tahasusi mpya, mwachieni kwanza mwalimu wa taaluma achore mistari yake.