Mbona ndege ndogo hushindwa kupaa?

Msomaji, ukitaka kutoka Nairobi hadi Mandera una njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya zaidi ya kilomita 1,000 yenye vumbi, vizuizi vya polisi na, tangu watu 28 walipotolewa ndani ya basi na kuuawa Novemba 22, 2014, hofu. Ya pili ni ndege ndogo. Kaskazini Mashariki ndege si anasa ya matajiri. Mwalimu huipanda, mgonjwa huipanda, hata miraa huipanda!

Kwa hivyo ajali ya ndege ni jambo linalowagusa watu wa huko kwa karibu. Wakazi wa Wajir hawajaisahau Ijumaa ya Januari 24, 2003. Siku hiyo ndege aina ya Gulfstream I iliyowabeba mawaziri kutoka sherehe Magharibi mwa Kenya iliondoka katika uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuangukia nyumba. Raphael Tuju, Martha Karua na Linah Jebii Kilimo walinusurika. Marubani wawili walifariki pamoja na Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, Mbunge wa Wajir Magharibi aliyethubutu kuyataja Bungeni mauaji ya Wagalla ya 1984. Serikali ya Narc haikuwa imemaliza hata mwezi mmoja.

Labda utauliza, nyaya ziliifikiaje ndege? Ukweli ni kwamba waya hukaa palepale. Ndege ndiyo huwa haijapata kimo. Na kimo hupotea kwa sababu nyingi.

Chukua joto. Mbawa hubebwa na hewa, na hewa ikipata joto hutanuka ikawa nyepesi. Mbawa hukosa cha kuegemea, na injini nayo hupumua kwa shida. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, lakini saa nane mchana, joto likifika nyuzi 37, hewa yake huwa nyepesi kana kwamba mji umepandishwa hadi karibu mita 1,000. Hii ndiyo faida ya kusafiri alfajiri, ingawa wengi wetu tunapenda usingizi.

Kisha kuna mizigo. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, ndege ndogo huhitaji mbio ndefu zaidi kwa takriban asilimia 20. Joto likipanda nyuzi 10, ongeza asilimia 10 nyingine. Nyasi zilizolowa na upepo unaovuma kutoka nyuma huongeza tena. Ubaya ni kwamba mambo haya huzidishana. Ndege iliyotosheka na mita 600 asubuhi yaweza kudai zaidi ya mita 850 mchana, imejaa magunia, na uwanja haujarefuka hata hatua moja.

Marubani wana kanuni: ukifika katikati ya uwanja bila kupata asilimia 70 ya kasi ya kupaa, punguza moto, shika breki. Basi ndege ikigeuka na kurudi kituoni, kisha wewe ukaombwa kushusha begi moja, hiyo ndiyo hesabu inayofanywa.