Muhogo, milima ya Usambara na vichwa vya watengeneza programu



Kuna swali naulizwa sana na vijana wa hapa Lushoto wanaotaka kujifunza kutengeneza programu za kompyuta na simu: "Kaka, hivi bila hesabu kali mtu ataweza kweli?" Jibu langu ni kwamba hesabu inasaidia, tena sana, lakini kinachomtoa mtu kwenye tatizo ni kuwa na njia zaidi ya moja ya kufikiri. Mwenye njia moja, ikigoma anakaa chini. Mwenye njia nne anajaribu ya pili. Leo nataka nilieleze hilo kwa kutumia muhogo. Msicheke, mtanielewa tu.

TATIZO LENYEWE

Kuna ugonjwa unaitwa michirizi ya kahawia. Uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na aliyeuandika ni H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kule Usambara Mashariki. Mihogo aliyoizungumzia ilikuwa ya huku huku kwetu, chini ya milima. Kwa hiyo ugonjwa huu una historia na sisi.

Ubaya wake ni kwamba unajificha. Mti unaweza kusimama vizuri, majani yana madoa kidogo ya njano ambayo mtu anadhani ni uzee wa majani tu. Mkulima anasubiri miezi tisa, mwaka, anachimba, anakuta mzizi umeoza kwa ndani, mkavu na wa kahawia. Hauliki, hauuziki. Na kibaya zaidi, wakati anasubiri ameshakata vipande vya shina akampa jirani kama mbegu. Jirani naye kabeba ugonjwa. Kwa familia inayotegemea shamba hilo, kuujua ugonjwa mapema ndiyo tofauti ya kula na kulala njaa.

Haya, sasa mtengeneza programu unapewa kazi: tengeneza kitu kwenye simu kitakachomwambia mkulima kama muhogo wake unaumwa. Unaanzia wapi?

1. KUAZIMA KUTOKA KWINGINE

Wale watafiti wa Amani walipotaka muhogo unaovumilia magonjwa hawakubaki kwenye muhogo peke yake. Waliuchanganya na ndugu zake, mmojawapo ni ule mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii. Walichokikosa ndani ya muhogo walikwenda kukitafuta nje ya muhogo.

Miaka mingi baadaye, 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani wakishirikiana na taasisi ya kilimo ya IITA walitumia akili ile ile kwenye kompyuta. Walipiga picha zaidi ya 2,700 za majani ya muhogo kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Wataalamu wakazitenga: hii batobato, hii michirizi ya kahawia, hii utitiri, hii nzima. Picha 2,700 ni chache mno kuifundisha kompyuta kuona kuanzia sifuri. Basi wakachukua programu ya Google iliyokwisha kujifunza kutofautisha vitu vya kawaida kama wanyama na magari kwa picha zaidi ya milioni moja, wakaiongezea somo moja tu la muhogo. Kwenye picha ambazo haikuwahi kuziona ilipatia kwa asilimia 93. Somo hapo: kabla hujaanza kuandika msimbo wako, uliza nani ameshatatua kitu kinachofanana na hiki, hata kama fani yake ni nyingine kabisa.

2. KUKATA TATIZO VIPANDE

Hili watu wa milimani tunalijua bila kwenda shule. Maji ya mserereko yakikatika kijijini, fundi mwenye akili hafukui bomba lote kuanzia chanzo. Anafungua katikati. Maji yapo? Basi tatizo liko chini. Hayapo? Liko juu. Halafu anakata tena nusu ile iliyobaki. Bomba lenye vipande 64, ukikata hivyo unapima mara 6 tu unakipata kibovu.

Watengeneza programu wanatafuta kosa kwa njia hiyo hiyo. Programu ina mistari 1,000 na inatoa jibu la ovyo? Kagua katikati kama hesabu bado iko sawa. Kwa kukata nusu mara 10 hivi utakuwa umefika kwenye mstari wenyewe. Anayesoma mstari mmoja mmoja kutoka juu atalala hapo hapo.

3. KUANZA NA KISICHOKUWEPO

Wengi tunaota programu kwanza, halafu mwisho ndiyo tunakumbuka kwamba mtumiaji hana mtandao. Shambani simu ni ya bei ndogo, vocha imeisha, mnara uko nyuma ya mlima. Ukiyaweka hayo mwanzo, kazi yote inabadilika.

Ile kazi ya 2017 ikazaa programu ya simu za Android inayoitwa Nuru, chini ya mradi wa PlantVillage. Nuru inachambua picha ndani ya simu yenyewe, haihitaji intaneti ukiwa shambani. Kwa hiyo waliotengeneza walilazimika kutumia programu ndogo na nyepesi, inayoweza kukaa mfukoni mwa mkulima. Kikwazo hapo kilisaidia kuchora kazi.

4. KUBADILISHA SWALI

Hapa ndipo panaponifurahisha zaidi. Ilipopelekwa kwenye simu na shambani, ikakutana na dalili hafifu, uwezo ukashuka sana. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba Nuru ikiangalia jani moja inapatia asilimia 65. Si mbaya, maana maafisa ugani waliopimwa walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini kati ya mimea 100 bado unakosea 35.

Mtu wa njia moja ya kufikiri angesema tuongeze picha, tuongeze kompyuta, tuongeze hela. Wao wakabadilisha swali. Badala ya kuuliza "jani hili linaumwa?" wakauliza "mti huu unaumwa?" Mkulima aonyeshe majani sita ya mti mmoja. Usahihi ukapanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Na ukitazama vizuri, ndivyo anavyofanya bwana shamba mzoefu. Hahukumu kwa jani moja, anauzunguka mti.

KWA HIYO?

Angalieni ni vichwa vya aina ngapi vimeingia hapo. Mtu wa mimea anajua dalili. Mtu wa kompyuta anajua kufundisha mashine. Mkulima anajua kwamba shambani hakuna mtandao. Ukimtoa mmoja, unabaki na programu inayofanya kazi Marekani tu.

Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu mliokaa kafe hapo, msijidharau kwa sababu mmekulia kwenye kabichi, viazi na hoho. Yule aliyezaliwa mjini anaweza kukuzidi msimbo, lakini hajui kwa nini nyanya zinaozea njiani kati ya Soni na Mombo, wala mzee anaangalia nini kwanza akiingia shambani asubuhi. Msimbo utajifunza. Hayo mengine unayo tayari.

Siku ukikwama, jiulize maneno manne: Nani ameshalitatua linalofanana? Naweza kulikata nusu? Mtumiaji wangu hana nini? Na je, swali lenyewe ndilo?

Muhogo umepata Nuru. Hoho na viazi vya Lushoto vitaangaliwa na nani, kama si nyie?