Je, Wajua? Mets wa 1962 Bado Wanacheza

Mwaka 1962, timu ya besiboli ya New York Mets ilishinda mechi 40 na kupoteza 120. Leo mashabiki huuchezesha upya msimu ule kwenye kompyuta. Programu hugeuza takwimu za kila mchezaji kuwa uwezekano. Kwa mfano, mpigaji wao Richie Ashburn alipiga kwa wastani wa 0.306, basi akishika gongo, kompyuta huchagua namba kama anayerusha dadu, huku ikimpima pia mrushaji anayemkabili. Kwa kuwa bahati hubadilika, ushindi unaweza kuwa 35, au hata 50. Raha iko hapo! Mrushaji wao Roger Craig, aliyepoteza mechi 24 msimu ule, anapanda tena kurusha mpira, na shabiki wake anakesha akimwombea.