Sita kwa Sifuri: Istilahi za Futiboli ya Kimarekani na Msimu wa Chuo cha Centre, 1921

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi fikira zetu huelekea zaidi kwenye sayansi, sheria na utawala. Michezo huachiwa watangazaji na waandishi wa magazeti, ambao kwa hakika wameitajirisha lugha yetu. Hata hivyo, zipo habari za michezo ambazo mfasiri hawezi kuzifasiri kwa maneno ya kandanda tuliyoyazoea, kwa sababu majina yanafanana ilhali dhana ni nyingine kabisa. Makala haya yanahusu mchezo mmoja wa namna hiyo, yaani futiboli inayochezwa Marekani.

Tumesukumwa kuandika na swali la mwalimu mmoja wa tafsiri. Aliwapa wanafunzi wake habari ya Kiingereza kuhusu chuo kidogo cha Marekani kilichokishinda Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1921 kwa 6–0. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba chuo hicho “kiliifunga Harvard mabao sita kwa bila”. Mwenzake aliandika kwamba kilishinda “kwa tachidauni moja, yaani pointi sita kwa sifuri”. Wa kwanza alipewa alama zote kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa safi. Wa pili alipunguziwa alama kwa kutumia neno lisilo sanifu. Mwanafunzi huyo hakuridhika, na mwalimu akatuomba ushauri.

Ushauri wetu tutautoa mwishoni. Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe, kwani istilahi haiundwi kabla dhana yake haijaeleweka.

Msimu wenyewe

Chuo cha Centre kilianzishwa mwaka 1819 katika mji wa Danville, jimbo la Kentucky. Mwaka 1921 kilikuwa na wanafunzi wapatao 300 tu. Hapa mfasiri ajihadhari mapema: koleji ya namna hii huko Marekani hutoa shahada ya kwanza baada ya masomo ya miaka minne. Udogo wake si sababu ya kuiita chuo cha ufundi au chuo cha ualimu.

Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilikuwa miongoni mwa vyuo vyenye nguvu kubwa katika mchezo huo. Timu yake haikushindwa katika msimu wa 1919 wala wa 1920, na Januari 1, 1920 iliishinda timu ya Oregon 7–6 katika mchezo wa Rose Bowl huko Pasadena, California. Katika msimu wa 1920 Centre walisafiri hadi Harvard wakashindwa 31–14. Inasimuliwa kwamba baada ya mchezo nahodha wa Harvard alitaka kumpa Bo McMillin, mchezaji mashuhuri wa Centre, mpira uliotumika siku ile. McMillin akaukataa, akisema kwamba watarudi mwaka unaofuata kuushinda.

Walirudi Oktoba 29, 1921, chini ya kocha wao Charley Moran, mbele ya watazamaji zaidi ya 40,000. Hadi mapumziko hakuna upande uliopata kitu. Katika robo ya tatu McMillin aliuchukua mpira akakimbia nao yadi 32, yaani mita 29 hivi, akawapenya Harvard na kuvuka mstari wao. Pointi ya nyongeza ilikosekana. Mchezo ukaisha 6–0, na huko Danville watu wakaandika C6–H0 ukutani, mithili ya fomula ya kemia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayesoma “mabao sita kwa bila” ataona picha ya timu iliyosambaratika, mlinda mlango akiokota mpira wavuni mara sita. Ukweli ni kinyume chake. Timu hizo zilikabana mchezo mzima, na tofauti yao ilikuwa mbio moja ya mtu mmoja. Tafsiri ile imegeuza ushindi mwembamba kuwa kipigo, na kwa kufanya hivyo imeondoa maana yote ya habari.

Jina la mchezo

Asili ya utata huu ni jina. Novemba 6, 1869 vyuo vya Rutgers na Princeton vilicheza mchezo ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza baina ya vyuo vya Marekani. Mchezo ule ulikaribia kandanda: hakuna aliyeruhusiwa kubeba mpira wala kuutupa, na Rutgers walishinda 6–4 kwa kuhesabu magoli. Hapo “magoli sita” ingekuwa tafsiri sahihi. Baadaye vyuo vilifuata kanuni za ragbi, ambamo mpira hubebwa mikononi, kisha vikazibadili kanuni hizo hatua kwa hatua. Mchezo ukabadilika, jina likabaki.

Kwa hiyo hatupendekezi “mpira wa miguu wa Kimarekani”. Neno miguu linamdanganya msomaji, kwa kuwa mpira huu hubebwa na kurushwa zaidi kuliko unavyopigwa teke. Pia hatupendekezi “soka ya Kimarekani”, kwani Wamarekani wanayo soka, na mfasiri atahitaji kuitaja siku moja. Tunapendekeza futiboli ya Kimarekani. Neno limekopwa na kuvikwa sauti za Kiswahili. Halidai kueleza mchezo, na kwa sababu hiyo halipotoshi.

Dhana kuu na majina yake

Kiini cha mchezo huu ni kugombea ardhi. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli. Kila upande una wachezaji kumi na mmoja, na upande wenye mpira hujitahidi kusonga mbele kuelekea mstari wa wapinzani. Kanuni mbili ndizo zilizoutenga mchezo huu na ragbi, na zote mbili zinahusishwa na Walter Camp, aliyekuwa mchezaji wa Yale. Kwanza, mwaka 1880 iliamuliwa kwamba kila mchezo unaposimama, timu moja ianze ikiwa na mpira wake bila kunyang’anywa, na pande mbili zipangwe zikitazamana. Mstari unaozitenganisha tunapendekeza uitwe mstari wa makabiliano.

Kanuni hiyo ilileta hila. Mwaka 1881, Princeton na Yale zilipokutana, kila timu ilikaa na mpira kipindi kizima bila nia ya kusonga mbele. Dawa ilipatikana mwaka 1882: timu ipewe nafasi tatu za kusonga yadi 5, la sivyo iukabidhi mpira. Tangu mwaka 1912 nafasi hizo ni nne, kwa yadi 10.

Kila nafasi kati ya hizo Wamarekani huiita kwa neno lenye maana ya “chini”, kwa kuwa huisha pale mwenye mpira anapoangushwa. Hapa tafsiri sisisi huleta maafa. Nafasi ya tatu hugeuka kuwa “chini ya tatu”, maneno ambayo kwa Kiswahili yana maana ya idadi isiyofika tatu. Tunapendekeza jaribio. “Jaribio la tatu, yadi 4 zimebaki” ni sentensi ambayo hata asiyeujua mchezo ataifahamu.

Istilahi ya pili yenye mtego ni jina la mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio, kisha akaamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao. Ndiyo nafasi aliyoicheza McMillin. Kwa Kiingereza jina lake lina neno beki ndani yake, na wapo walioandika “beki wa robo”. Lakini katika Kiswahili neno beki limekwisha kuwa na kazi: beki ni mlinzi. Kumwita beki mtu anayeongoza mashambulizi ni kumpeleka msomaji upande usio wake. Tunapendekeza mwongozaji. Pale inapohofiwa kwamba litachanganywa na mwongozaji wa filamu au wa shughuli nyingine, mfasiri aandike mwongozaji wa mashambulizi mara ya kwanza, kisha afupishe.

Ya tatu ndiyo iliyoleta swali, yaani tachidauni. Neno la asili linasema mpira huguswishwa chini, na zamani ndivyo ilivyokuwa, kama ilivyo katika ragbi hadi leo. Katika futiboli ya Kimarekani sharti hilo limekwisha kuondolewa. Inatosha mpira uvuke mstari wa goli ukiwa mikononi mwa mchezaji, au udakwe ng’ambo ya mstari huo. Kwa hiyo “mguso” ungetafsiri neno lililokufa badala ya tendo lililo hai. Tunapendekeza mvuko, wingi wake mivuko, kutokana na kitenzi vuka. Neno hili ni fupi, lina ndugu zake kivuko na uvukaji, na linaeleza tendo lenyewe. McMillin alifanya nini? Alivuka.

Kuhesabu pointi

Tangu mwaka 1912 mvuko mmoja huleta pointi 6. Baada yake timu hupewa nafasi ya kutafuta pointi ya nyongeza, kwa kawaida kwa kupiga mpira teke upite kati ya nguzo, juu ya mwamba. Katika futiboli ya vyuo, tangu mwaka 1958 timu yaweza pia kutafuta pointi 2 kwa kuuvusha mpira tena mstarini. Iwapo timu haikuweza kuvuka mstari lakini imekaribia vya kutosha, yaweza kupiga mpira kati ya nguzo wakati wa mchezo wenyewe ikapata pointi 3. Pigo hili wengine wameliita “goli la uwanjani”, jina lisilotofautisha kitu, maana goli gani halifungwi uwanjani? Tunapendekeza goli la mguu.

Tuliona ugumu kidogo katika neno pointi. Mpenzi wa kandanda anapolisikia hufikiria msimamo wa ligi. Lakini wachezaji wa mpira wa kikapu wamelizoea kwa maana tunayoitaka, na neno alama limekwisha kuchukuliwa na mitihani. Tumeona pointi libaki.

Sasa msomaji arudi kwenye matokeo ya Rose Bowl. Harvard 7, Oregon 6: aliyeandika “mabao saba kwa sita” ameandika mchezo wa mabao kumi na matatu. Kwa kweli Harvard walipata mvuko mmoja na pointi yake ya nyongeza, na Oregon walipata magoli mawili ya mguu. Waliofanikiwa mara nyingi zaidi ndio walioshindwa, kwa kuwa uzito wa mafanikio haukuwa sawa.

Mwisho wa msimu

Centre waliendelea kushinda, na wiki moja baada ya Harvard waliishinda Kentucky 55–0. Katika msimu wa kawaida hawakupoteza mchezo hata mmoja. Lakini Januari 2, 1922, huko Dallas, Texas, walikutana na chuo cha Texas A&M wakashindwa 22–14.

Siku hiyo iliacha msemo. Wachezaji wa Texas A&M waliumia mmoja baada ya mwingine, hata kocha wao, Dana X. Bible, akahofia kupungukiwa na watu. Akamwita mwanafunzi E. King Gill, aliyekuwa pamoja na waandishi wa habari akiwasaidia kuwatambua wachezaji. Gill akavaa nguo za mchezo, akasimama pembeni tayari hadi mwisho. Hakuingia uwanjani, lakini chuo chake humkumbuka kwa jina la mtu wa kumi na mbili. Watangazaji wetu nao huwaita mashabiki mchezaji wa kumi na mbili. Hapa mfasiri hana la kuunda: kwa kuwa michezo yote miwili ina wachezaji kumi na mmoja kila upande, msemo unahama bila kupoteza maana. Si kila kitu cha kigeni ni kigumu. Kazi ni kupambanua.

Orodha ya mapendekezo

Futiboli ya Kimarekani: mchezo wa timu mbili za watu kumi na mmoja, wa kugombea ardhi kwa kubeba, kurusha au kupiga mpira.
Mstari wa makabiliano: mstari unaozitenganisha timu kabla ya kila jaribio.
Jaribio: nafasi moja kati ya nne za kusonga mbele yadi 10.
Mwongozaji: mchezaji anayeongoza mashambulizi.
Mvuko: kuufikisha mpira ng’ambo ya mstari wa goli, pointi 6.
Pointi ya nyongeza: pointi itafutwayo baada ya mvuko.
Goli la mguu: kupitisha mpira kati ya nguzo kwa teke wakati wa mchezo, pointi 3.

Hitimisho

Tulimjibu mwalimu yule kwamba mwanafunzi wa pili arudishiwe alama zake. Alielewa dhana, akaona kwamba Kiswahili hakijampa jina la kuieleza, akakopa jina na kulifafanua papo hapo. Hivyo ndivyo mfasiri mwaminifu anavyopaswa kufanya. Wa kwanza aliandika Kiswahili fasaha kuhusu mchezo ambao haukuchezwa. Ufasaha wa namna hiyo ni hatari zaidi katika ripoti ya serikali au maelezo ya dawa kuliko katika habari za michezo, lakini tabia ni ile ile, nayo hujengwa darasani.

Lawama kidogo ni yetu pia. Mwanafunzi alipunguziwa alama kwa kukosa neno ambalo wenye kazi ya istilahi hatukuwa tumempa. Mapendekezo haya bado hayajasanifishwa. Tunawaomba walimu, wafasiri na watangazaji wayajaribu, wayakosoe, na pale penye neno bora zaidi wasisite kutuletea.