Katuni za Imani kwa Watoto Wetu (2): Adabu Njema Bado Si Injili

Juma lililopita tulianza na barua ya Papa Gregori Mkuu aliyoiandika kama mwaka 600 kwa Serenus, askofu wa Marseille. Serenus alikuwa amevunja picha makanisani kwa hofu kwamba waumini wataziabudu. Gregori alimsifu kwa kukataza ibada ya picha, ila alimkemea kwa kuzivunja, kwa kuwa asiyejua kusoma huzitazama ukutani akajifunza habari za wokovu. Mtoto wa miaka 4 naye hajui kusoma, na ukuta wake siku hizi ni simu ya mama. Ndipo tukakubaliana kwamba katuni zina nafasi katika nyumba ya Kikristo. Leo tuulize lililo gumu zaidi: mtoto akiisha kutazama, amejifunza nini juu ya Mungu?

Wazazi wengi huchagua katuni kwa kuangalia kisichokuwamo. Hakuna matusi, hakuna uchawi, hakuna watu wanaopigana ngumi, basi hiyo inafaa. Kipimo hicho kina maana, nami nisingependa mtu akiache. Lakini katuni inaweza kuwa safi kabisa, ikataja jina la Mungu, ikamalizika kwa mstari wa Biblia, na bado ikamwacha mtoto bila Injili. Anayelijua jambo hili kuliko wengi ni Mmarekani Phil Vischer.

Mwaka 1993 yeye na mwenzake Mike Nawrocki walitoa kanda ya kwanza ya VeggieTales, katuni ambamo mboga husimulia visa vya Biblia. Bob ni nyanya, Larry ni tango. Uamuzi wa kutumia mboga ulikuwa na sababu ya kiufundi: kompyuta za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, na kuchora mikono, nywele na nguo zinazotikisika kulikuwa mzigo mkubwa mno kwa studio changa. Tango halina mikono, nywele wala nguo. Walijiwekea pia mwiko mmoja ninaouheshimu sana, kwamba Yesu hatachorwa kamwe kuwa mboga.

Kanda hizo ziliuzwa kwa makumi ya mamilioni. Mwaka 2002 wakapeleka kisa cha Yona kwenye majumba ya sinema, na mwaka uliofuata kampuni yao, Big Idea, ikafilisika. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 2011, Vischer alihojiwa na jarida la Kikristo la World akasema jambo lililowagusa wengi. Alikiri kwamba kwa miaka kama 10 alikuwa akiwahimiza watoto waenende Kikristo bila kuwafundisha Ukristo wenyewe. Aliwaambia wasamehe, wawe wapole, wagawane vitu vyao, kwa sababu Biblia imesema. Akatambua kwamba hayo ni maadili tu. Ndiyo maana kazi yake iliyofuata, What's in the Bible?, iliipitia Biblia nzima kwa vikaragosi, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, ikieleza Mungu amefanya nini.

Tuchukue kanda moja tuione kwa karibu. Mwaka 2000 VeggieTales walitoa King George and the Ducky, ambayo kiini chake ni kisa cha Daudi na Bathsheba. Mfalme ana kabati lililojaa bata wa mpira wa kuchezea bafuni. Siku moja, akiwa roshanini, anamwona kijana Thomas akioga na bata wake mmoja, na mfalme anamtaka yule yule. Anampeleka Thomas mstari wa mbele vitani, katika vita ambavyo watu hurushiana keki, kisha anamchukua bata. Mzee mwenye hekima anakuja na kumsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Mfalme anajitambua, anaomba radhi, Thomas anarudi akiwa hai, na bata anarudishwa kwa mwenyewe.

Wapo wachungaji wanaoipinga kanda hii kwa sababu ya yule bata. Mimi sikubaliani nao hapo. Nabii Nathani mwenyewe, katika 2 Samweli sura ya 12, hakuanza kwa kumtaja Bathsheba. Alianza na mwanakondoo. Kumsimulia mtoto wa miaka 5 dhambi ya uzinzi kwa mfano wa kitu kilichochukuliwa kwa nguvu ni njia ambayo Biblia imeshaipita. Tatizo liko mwishoni. Katika katuni kila kitu kinarudi mahali pake. Katika Biblia, Uria, mume wa Bathsheba, hakurudi. Daudi hakuwa na bata wa kumrudishia mtu. Alibaki mikono mitupu mbele za Mungu, akasamehewa kitu asichoweza kukilipa, na bado nyumba yake ikaumia. Mtoto anayeishia kwenye katuni atajua kwamba ukikosa, omba radhi na urudishe. Hilo ni jema, na bibi yake asiyekwenda kanisani angeweza kumfundisha. Kwamba kuna makosa yasiyorudishika na kuna Mungu anayeyasamehe hata hayo, hilo ndilo Injili, na humo halimo.

Je, tuitupe kanda? Hapana. Itazamwe, halafu mzazi aifungue 2 Samweli asome kwa sauti kipande kinachomfaa mtoto wa umri ule, kisha aulize: Uria alirudi nyumbani? Mazungumzo ya dakika chache baada ya swali hilo yana uzito kuliko vipindi vingi vilivyotazamwa kimya kimya.

Njia hiyo hiyo hufaa kwa filamu kubwa. The Prince of Egypt, iliyotoka mwaka 1998, kwa maoni yangu ndiyo katuni ya Biblia iliyochorwa kwa utukufu kuliko zote. Watengenezaji wake walitafuta ushauri wa wanazuoni wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu, na mwanzoni kabisa mwa filamu wametangaza kwamba kuna mambo wameyabuni na kwamba kisa chenyewe kipo katika kitabu cha Kutoka. Wachukulieni kwa neno lao. Katika filamu, anayemwokota Musa mtoni ni malkia; katika Kutoka sura ya 2 ni binti Farao. Katika filamu, Musa anamuua Mmisri kama kwa ajali, mtu anaanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi. Katika Biblia Musa anatazama huku na huku, anamuua, anamficha mchangani. Tofauti hii ya pili ni kubwa. Filamu imemsafisha Musa kidogo ili tumpende, ilhali Biblia haikujali kumsafisha, maana habari yake ni ya Mungu anayemtuma muuaji aliyekimbia. Kijana wa miaka 10 akiachiwa Biblia mkononi na filamu mbele yake ataligundua mwenyewe, na atafurahi kuligundua. Mdogo zaidi asubiri. Pigo la wazaliwa wa kwanza limechorwa kwa upole, lakini linatisha.

Superbook ni habari nyingine. Mfululizo wa kwanza ulichorwa Japani na studio ya Tatsunoko mwaka 1981, kwa kushirikiana na shirika la Kikristo la CBN la Marekani. Mpya ulianza miaka 30 baadaye. Watoto wawili, Chris na Joy, pamoja na roboti Gizmo, hupelekwa na kitabu hadi enzi za Biblia wakaona mambo yakitendeka. Faida yake ni kwamba inafuata visa vyenyewe, na Mungu ndiye mtendaji. Kwa watoto wa darasa la pili kwenda juu, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Lakini katika darasa la shule ya Jumapili ninakosaidia kufundisha, mtoto mmoja aliniuliza roboti yuko sura ya ngapi. Lilikuwa swali la haki kabisa. Mtoto mdogo haoni mpaka kati ya kilichoandikwa na kilichoongezwa, na mzazi aliyeketi kando yake ndiye wa kumchorea mpaka huo.

Kuketi kando ndiko ninakokusisitiza. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaagiza wazazi wayanene maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Kazi hiyo haijakabidhiwa king'amuzi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo haiongezeki kwa sababu katuni ni ya dini. Kwenye YouTube, zima kile kitufe cha kucheza video inayofuata yenyewe. Pakua kipindi kimoja, kitazameni pamoja, mzime simu. Na zile video za Biblia zilizotengenezwa kwa akili bandia, ambazo hazitaji kanisa, studio wala mtunzi, mimi siwapi watoto, kwa kuwa hakuna wa kuulizwa akikosea.

Limebaki la lugha, nalo linaniuma. Kutoka Dar es Salaam, shirika la Ubongo limetuonyesha tangu mwaka 2014 kwamba mtoto wa Kiswahili anaweza kufundishwa hesabu na sayansi kwa katuni bora zilizochorwa hapa hapa. Makanisa yetu yana kwaya zenye studio za kurekodi, yana watunzi, yana vijana wanaojua kompyuta. Kisa cha mwana mpotevu chenye shamba, ng'ombe na baba aliyeketi barazani akitazama njia hakihitaji kusubiri fedha za Marekani. Dayosisi mbili tatu zikichanga, kipindi cha kwanza cha dakika 10 kinawezekana, na kianze hapo.

Juma lijalo tutaangalia uso wa Yesu: kwa nini katuni nyingi humchora mweupe mwenye macho ya buluu, na Wakristo wa Mafa, kaskazini mwa Kameruni, walimwonaje katika picha zao za miaka ya 1970.