Grupu la mpira lilivyoniharibia soko, na nilivyolirudisha



Leo sitaongelea kupiga picha za bidhaa wala kusafirisha mzigo mkoani. Nataka niongelee grupu. Wengi wenu mnalo la WhatsApp: la wapishi wa keki, la wapenda raba, la wafuga kuku, la wapenda maua ya nyumbani. Watu wanakuja kupiga stori za kitu wanachokipenda, na wewe unauza humo humo. Grupu la hivyo likiwa na amani ni mtaji. Likichafuka, linakula hadi wateja uliowapata nje yake. Mimi yamenikuta.

Nina duka dogo la jezi hapa Chang'ombe. Kutoka dukani kwangu mpaka Uwanja wa Benjamin Mkapa ni mwendo wa miguu tu, siku ya mechi kubwa hata kama sijakwenda najua goli limeingia kwa kelele. Nilimaliza form four, nikajifunza mwenyewe kuchapa majina na namba mgongoni, maisha yakaanza. Mwaka 2022 nikafungua grupu la soka. Simba humo, Yanga humo, hadi wa Azam. Oktoba 2023 tulikuwa watu 214, na daftari langu linasema mwezi ule jezi 38 zilitoka kupitia grupu peke yake.

Ikaja Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023. Mnaikumbuka. Yanga 5, Simba 1.

Jioni ile simu ilikuwa inapata moto. Picha za mikono yenye vidole vitano, stika, sauti za watu wanacheka. Wazee wa Simba nao wakafukua ya tarehe 6 Mei 2012, walipompiga Yanga 5-0, kwamba tano siyo mpya hapa mjini. Mpaka hapo raha tupu, huo ndio utani wenyewe.

Kulikuwa na dada mmoja wa Keko, ana genge la mboga, Simba wa damu. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha mchezo wa kutabiri matokeo kila Ijumaa. Mgeni akiingia anamkaribisha. Usiku ule aliandika tu, "Mpira una siku zake, wiki ijayo tutaonana." Akajibiwa na kaka mmoja wa Yanga, mteja wangu mkubwa, yule anayeniagizia seti nzima za jezi za bonanza. Akamwandikia: "Hata mumeo alisema hivyo hivyo kabla hajakukimbia."

Watu kama kumi wakaweka vikaragosi vya kucheka.

Mimi nilikuwa naona. Nikajiambia ni utani, utapita. Kusema ukweli kabisa, nilikuwa nafikiria oda ya seti mbili ambayo yule kaka alikuwa hajalipia. Nikaamua kubadilisha mada. Nikaposti picha: "Jezi mpya zimeingia, karibuni dukani."

Asubuhi nakuta maandishi yale madogo, kwamba dada ametoka. Hakusema neno. Wiki ile wakatoka wengine 11, wengi wanawake. Waliobaki wakanyamaza, wakawa wanaongea watu watano wale wale, kila siku wanatukanana. Desemba, mwezi ambao kila mtu anauza, grupu lilinipa jezi 12.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha.

Mwanzoni mwa Januari nikafunga duka mapema, nikaenda Keko gengeni kwake. Nikamwambia, "Dada, nimekuja kuomba msamaha kwa yale ya kwenye grupu." Akaendelea kukata mchicha. Baadaye akaniambia, "Mdogo wangu, utani wa mpira mimi nimezaliwa nao. Lile neno liliniuma, lakini yule simjui. Wewe unanijua, nakuja dukani kwako. Uliona, halafu ukaposti jezi."

Sikuwa na jibu. Nikanunua nyanya, nikaondoka.

Usiku nikakaa na kufikiria. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Wazee wetu walikuwa na utani wa makabila, kama Wazaramo na Wanyamwezi. Mtani anaweza kukutania hata msibani, na huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayehangaika na shughuli ya msiba wako, na kesho wewe unafanya hivyo hivyo kwake. Utani ni wa pande mbili na una wajibu ndani yake. Mtu anayekuchoma halafu hakujali, huyo siyo mtani. Na mimi mwenye grupu nilikuwa nimeuita utani kwa sababu ya hela.

Basi haya ndiyo niliyoyafanya. Chukua yanayokufaa.

1. Sheria chache, kwa Kiswahili cha kawaida
Niliwahi kunakili sheria 20 kutoka grupu lingine, hakuna aliyezisoma. Sasa ninazo tano tu, zipo kwenye maelezo ya grupu na kila mgeni natumiwa naye kwanza "nimezisoma" ndipo tunaendelea: Tania timu, usitanie maisha ya mtu. Hakuna matusi ya nguoni, dini wala kabila. Hakuna kumfuata mtu inboksi bila kumwomba hapa kwanza. Habari ya kusikia, usiisambaze. Matangazo ni kwa siku zake.

2. Kuwa na kipimo cha utani
Watu watakuuliza, "Sasa mpaka uko wapi?" Mimi nawapa swali moja: hilo neno ungemwambia ukiwa umekaa barazani kwake, watoto wake wanasikia? "Kolo" na "Utopolo" utasema na mtacheka wote. Ya mume wake hutasema. Kwenye grupu la keki ni hivyo hivyo: kusema krimu imekuwa nzito ni ushauri, kusema "na mikono hiyo nani atakula" ni kumdhalilisha mtu.

3. Usiwe admini peke yako
Nilikuwa admini mmoja, tena Yanga. Kila nilichofuta, Simba wanasema napendelea. Sasa tuko wanne: mimi, mzee mmoja wa Simba anayeheshimika, dada mmoja wa Tandika, na kijana wa Azam. Huyo wa Azam tunamtania kwamba kazi yake ni kuamua ugomvi wa wakubwa, lakini kweli inasaidia. Mmoja akiwa kazini, mwingine yuko hewani. Na tukitaka kumtoa mtu, lazima wawili wakubaliane.

4. Futa hadharani, onya pembeni
Admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu. Utumie mapema, kabla vikaragosi havijajaa. Andika mstari mmoja tu: "Nimefuta, imevuka mpaka. Tuendelee." Usimhubirie mbele ya watu, ataanza kutetea heshima yake na ugomvi utakuwa mkubwa kuliko kosa. Mfuate pembeni, tena piga simu, maana maandishi hayana sauti. Mara ya kwanza tunaongea. Mara ya pili anakaa nje wiki mbili. Mara ya tatu tunaagana.

Na ufanye hivyo hata kwa mteja mkubwa. Nilimpigia yule kaka. Nikamwambia, "Kaka, nakuheshimu, lakini lile neno ulitakiwa uliombee radhi." Akanijibu, "Dogo, anayeogopa moto akae mbali na jiko." Nikamtoa. Oda ya seti mbili akaipeleka kwa mtu mwingine, na faida niliyoikosa ilikuwa 90,000. Iliuma, kodi ya fremu ilikuwa inakaribia. Tukikutana barabarani anaitikia salamu kwa shida hadi leo. Siwezi kukudanganya kwamba alirudi akaomba msamaha. Hakurudi.

5. Funga mlango moto ukizidi
Kuna mpangilio wa kuruhusu maadmini tu watume ujumbe. Siku ya dabi, dakika kumi za mwisho nafunga, nafungua saa moja baada ya mpira kuisha. Mtu akishakunywa maji na kula, anaandika kistaarabu zaidi.

Hii ilituokoa tarehe 8 Machi 2025, dabi ilipoahirishwa siku ile ile ya mechi baada ya Simba kusema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Chang'ombe yote ilikuwa imejaa watu wamevaa jezi. Uvumi ukaanza kumiminika, kila mtu ana "taarifa ya ndani". Tukafunga, tukawa tunaweka taarifa za Bodi ya Ligi na za klabu zenyewe, basi. Mechi ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga akashinda 2-0, na grupu lilikuwa zima.

Msichukulie poa hili la uvumi na kusumbuana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo, na inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua.

6. Namba za watu ni amana
Ukimwingiza mtu kwenye grupu, namba yake inaonekana na wote. Dada mmoja aliniambia alitoka kwa sababu wanaume watatu walimfuata inboksi wiki moja. Ndiyo maana siku hizi simwingizi mtu kwa nguvu, namtumia linki achague mwenyewe, na nimewasha ile ya admini kumkubali mtu kwanza. Usichukue namba za grupu kwenda kutangazia biashara nyingine, wala usimuuzie mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na zikianza zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", waambie wanachama waipeleke namba hiyo 15040, ni bure.

7. Kumbuka watu walikuja kwa mpira
Natangaza Jumanne na Ijumaa tu. Siku nyingine mimi ni shabiki kama wao. Mwanzo niliogopa mauzo yatashuka. Kumbe mtu aliyecheka na wewe wiki nzima, Ijumaa anauliza mwenyewe, "Bosi, saizi L ipo?"

Sasa tuko wapi? Tuko 180, wachache kuliko zamani. Mwezi uliopita zilitoka jezi 41.

Yule dada nilimtumia zile sheria tano na linki, nikamwambia halazimiki. Alikaa kimya mpaka Aprili 2024, siku tatu kabla ya dabi akaingia. Bahati yake mbaya, tarehe 20 Yanga akashinda tena, 2-1. Niliposoma grupu nilikuwa nasoma kama askari. Watu walimtania mpaka usiku: wakamuuliza bei ya machozi kwa fungu, wakamwambia genge lake lihamie Jangwani. Hakuna aliyegusa nyumba yake. Mwisho akaandika, "Kesho wote wa Yanga kwangu nyanya bei juu."

Ijumaa iliyofuata akarudisha mchezo wa kutabiri.

Wadau, leo kabla hujalala fungua grupu lako, panda juu usome ujumbe wa wiki mbili. Tafuta majina ya waliokuwa wanaongea na sasa hawaongei. Mpigie mmoja umuulize kwa nini. Usimuuzie kitu siku hiyo.

Kazi njema.