Sura ya Saba: Uzito Ukae Wapi

Boti ndogo ya mashine huzaliwa na kasoro moja: kila kizito hupenda kukaa nyuma. Mashine yenyewe imening'inia tezi. Nahodha anakaa tezi kwa sababu mkono wa mashine uko huko. Dumu la petroli liko miguuni pake kwa sababu mpira wa mafuta ni mfupi. Boksi la barafu limewekwa karibu naye, na nanga ikishapandishwa huburutwa mpaka palipo na nafasi, yaani hukohuko. Omo inabaki hewani, tezi imelowa, na mwenye boti anaanza kuulizia bei ya mashine kubwa zaidi. Kabla hajatoa pesa hizo, kuna kazi ya nusu siku ambayo mara nyingi humaliza tatizo.

Vyombo vyetu vya zamani havikuwa hivi. Jahazi hupakia shehena yake kuanzia katikati, na likiwa tupu hutiwa farumi ya mawe au mchanga chini kabisa. Boti za kwanza za injini nazo zilikuwa na injini ndani. Mambo yaligeuka mwaka 1909, Ole Evinrude, fundi mzaliwa wa Norway aliyeishi Milwaukee, Marekani, alipoanza kuuza mashine ya kupachikwa nyuma ya chombo. Faida yake kila mvuvi anaijua: ukifika maji madogo unaiinua, ikiharibika unaivua na kuipeleka kwa fundi. Lakini uzito umehamia mwisho kabisa wa chombo, na unazidi kukua. Mashine ya farasi 15 ya mipigo miwili ina kilo 40 hivi, ya mipigo minne yenye nguvu ileile hupita 50. Bodi iliyochongwa kwa ajili ya ile nyepesi huilalia ile nzito.

Boti ikielea inasukuma kando maji yenye uzito sawasawa na uzito wake wote, watu na mizigo ikiwemo. Maji nayo yanaisukuma juu. Msukumo huo una kitovu chake, na uzito wa boti una kitovu chake, na vitovu hivyo viwili lazima vikae kwenye mstari mmoja wima. Ukipeleka uzito nyuma, tezi inazama mpaka sehemu iliyo majini nayo isogee nyuma kiasi cha kutosha, kisha boti inatulia. Imetulia, lakini imekaa vibaya.

Ubaya huo hauonekani sana chombo kikiwa kimefungwa gatini. Unajitokeza ukifungua mafuta. Boti ya mita 5 inayokata maji bila kupaa hufika kilomita 10 hivi kwa saa, na hapo hukwama, kwa sababu wimbi inalolitengeneza limekuwa refu sawa na boti yenyewe. Ili iende zaidi ni lazima ipande wimbi lake la mbele, ilipite, kisha iteleze juu ya maji. Boti iliyolemewa tezi hupanda nusu ya njia ikabaki hapo: omo juu, nahodha haoni mbele, mashine inanguruma, petroli inateketea na mwendo hauongezeki. Nyingine hufanikiwa kupaa, kisha omo ikaanza kupanda na kushuka yenyewe hata maji yakiwa shwari. Hiyo pia ni dalili ya uzito uliokaa nyuma mno, au ya mashine iliyoinamishwa vibaya.

Tupige hesabu ya boti moja ya fiba ya mita 5, tukipima umbali wote kutoka tezi. Bodi tupu ina kilo 250, na kitovu chake kiko mita 2.2. Mashine, kilo 50, iko kwenye sifuri. Petroli lita 40 ina kilo 30, kwa kuwa lita moja ni kama robo tatu ya kilo. Imewekwa nusu mita. Nahodha, kilo 75, amekaa sentimita 80. Boksi lenye barafu na samaki, kilo 80, liko mita 1. Nanga na kamba yake, kilo 15, ziko sentimita 40. Jumla ni kilo 500. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, jumlisha, kisha gawanya kwa 500: kitovu cha uzito kiko mita 1.42, yaani asilimia 28 ya urefu wa boti.

Sasa hamisha vitu vitatu tu. Petroli iende mita 2.5, boksi liende mita 2.4, nanga iende mita 4.4, karibu na omo. Rudia hesabu na utapata mita 1.89. Kitovu kimesogea mbele karibu nusu mita, na kimefika asilimia 38 ya urefu. Boti nyingi za kupaa huenda vizuri kikiwa kati ya asilimia 35 na 40. Kilichonunuliwa ni mita chache za mpira wa mafuta.

Itazame ile nanga kwa makini. Ina kilo 15, nusu ya uzito wa petroli, lakini imesogezwa mita 4 wakati petroli imesogezwa mita 2, kwa hiyo kazi iliyofanywa na vyote viwili ni sawa kabisa. Mtu akiniuliza aanze na nini, jibu langu ni hilo: tafuta kitu kilicho tezi kabisa ambacho kinaweza kukaa omo bila kumsumbua mtu, hata kama si kizito. Kifunge barabara, maana omo hurushwa na mawimbi kuliko sehemu yoyote nyingine.

Petroli inataka uangalifu wa namna yake. Ikae katikati, kwa sababu inapungua njiani, na kinachopungua karibu na kitovu hakigeuzi mkao wa chombo. Mpira wake upite kando chini ya mbao za kukalia, usikanyagwe wala usibanwe na boksi. Kile kibofu cha kupampu kina mshale. Mshale uelekee kwenye mashine. Na dumu lisifungiwe kwenye chumba cha omo kisicho na upenyo wa hewa, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka ngamani ukajikusanya, ukingoja cheche.

Baada ya mizigo, nahodha. Kilo 75 zilizokaa tezi hazihamishiki kirahisi, lakini mkono wa mashine unaweza kurefushwa. Baadhi ya mabaharia huchomeka bomba la plastiki kwenye mshikio na kulikaza, wakapata nafasi ya kukaa mbele zaidi. Kwenye hesabu yetu, akisogea sentimita 60 kitovu kinakwenda mbele sentimita 9 nyingine. Masharti ni mawili: bomba lisizunguke peke yake wala kuchomoka, na kamba ya kuzimia mashine ibaki imefungwa mwilini mwake bila kuvutika.

Hapo ndipo iguswe pini ya nyuma inayoamua mashine iiname kiasi gani. Ukiisogeza mashine kuelekea bodi, omo inashuka. Ukiitoa nje, omo inapanda. Wengi huanza na pini, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu rafadha inalazimika kuinua tezi iliyolemewa badala ya kusukuma chombo mbele. Panga mzigo kwanza, kisha jaribu tundu moja baada ya jingine kwenye maji tulivu, ukiwa na mzigo wa kawaida.

Upande kwa upande hesabu ni ileile, ila umbali ni mfupi na hatari iko karibu zaidi. Mwendesha mkono wa mashine kwa kawaida hukaa kulia, akishika kwa mkono wa kushoto. Rafadha nyingi, ukizitazama kutoka nyuma, huzunguka kama mishale ya saa, na bodi nayo hujibu kwa kulalia kushoto kidogo, kwa hiyo uzito wa nahodha kulia una faida. Ukibaki mlalo, usogeze dumu au boksi mpaka ukingo ulingane pande zote mbili. Mabaharia wa mashua za Lamu wanalijua jambo hili kwa miili yao: hutoa ubao nje ya ukingo upande wa upepo, wakaukalia ili chombo kisilale.

Kuna mzigo mmoja ambao huwezi kuupangia mahali, nao ni maji yaliyoingia. Kwenye sakafu ya mita 4 kwa mita 1.2, maji ya kina cha sentimita 5 ni lita 240, yaani uzito wa watu watatu. Ukifungua mafuta, maji yote yanakimbilia tezi; ukikata kona yanakimbilia upande ule ule ambao boti tayari inalala. Fua maji kabla ya kuondoka, na usiache yakusanyike kwa kudhani ni kidogo.

Watu nao ni mzigo unaotembea, tena unaosimama, na kila anayesimama hupandisha kitovu cha uzito juu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Idadi iliyokubaliwa haikuandikwa kwa ajili ya karatasi. Kwenye boti ndogo watu watatu wanakaribia uzito wa bodi nzima, na wakati wa hatari zaidi ni ule wa kufika, abiria wanaponyanyuka pamoja kutafuta mizigo yao. Nahodha aseme mapema nani ashuke kwanza, na wengine wabaki wamekaa.

Uzito wa mbele nao una kiasi chake. Omo iliyolemewa huchimba maji, hulowesha kila mtu, na usukani unakuwa mzito na mkali. Mawimbi yakitoka nyuma ndiyo hatari kubwa: omo inajichomeka kwenye mgongo wa wimbi lililo mbele, tezi inanyanyuliwa na kusukumwa kando, na chombo kinageuka ubavu kwa wimbi linalofuata. Kwa hiyo mpango wa asubuhi si lazima uwe mpango wa jioni. Wakati wa kurudi petroli imepungua, samaki wameongezeka, na kama kusi inavuma kwa nguvu na unapita mlango wa mwamba mawimbi yakiwa nyuma yako, lirudishe boksi nyuma nusu mita, ulikaze kamba, na ulifanye hilo ukiwa bado nje kwenye maji makubwa, mashine ikiwa imepunguzwa na omo ikiyatazama mawimbi.